Ziwa linapanda, ekspoze ni Ijumaa

Kila mwaka makundi ya wanafunzi wa vyuo vya Bujumbura hupewa kazi ya kuwasilisha, yaani ekspoze, kuhusu vitisho vya mazingira. Wengi huzungumzia barafu inayoyeyuka ncha za dunia, na huku ukingo wa mto unamegeka nyuma ya darasa lao.

Wako sita, wa mwaka wa 2, wamesimama upande wa Nyakabiga hatua chache kutoka ukingo wa mto Ntahangwa. Msichana mmoja amebana mwanzo wa futi ya fundi kwenye kona ya ukuta wa nyumba. Mwenzake anaivuta polepole mpaka pale udongo unapokatika, kisha anasimama. Hasogei zaidi, kwa sababu udongo wa pale chini yake hauna kitu.

Bondeni maji ni ya kahawia na si mengi. Vijana wawili wanapakua mchanga kwa sepetu na kuurundika kando ya mawe. Ng'ambo, nyumba moja imebaki nusu: sebule imekwenda na mto, bomba la maji limetokeza kwenye udongo na kuishia hewani.

Delege wao anaandika kipimo kwenye daftari, na pembeni anaweka tarehe. Halafu ubishi unaanza. Mmoja anataka waongelee mabadiliko ya tabianchi. Mwingine anataka mifuko ya plastiki. Wa tatu anasema mchanga, na anaonyesha wale vijana wa sepetu. Ekspoze ni Ijumaa, na faili lao la slaidi lina ukurasa mmoja tu, wenye jina la mada kama walivyopewa: Vitisho vya mazingira.

Mada isiyo na mipaka

Kazi za makundi zimekuwa nyingi katika vyuo vya Burundi tangu mfumo wa BMD, yaani bachela, masta na daktari, ulipoanza kutumika mwaka 2011. Mfumo huo unamtaka mwanafunzi atafute mwenyewe, asingoje tu silabasi ya mwalimu ya kutoa kopi kwa sekretaria. Ni jambo jema. Lakini mwalimu mwenye darasa la watu 100 na zaidi hugawa mada kubwa kubwa, na makundi hubaki yakihangaika nazo.

Kinachofuata kinajulikana na kila aliyepita chuoni. Kundi linagawana: wewe utangulizi, yule sababu, mimi athari, nyinyi wawili suluhisho. Kila mmoja anaingia kwenye simu, ananakili ukurasa wake, anautuma kwenye WhatsApp usiku wa kuamkia siku yenyewe. Siku ya siku wanasimama mbele, kila mtu anasoma kipande chake, na mwalimu akiuliza swali linalogusa vipande viwili wanatazamana.

Hapo ndipo nilipo na ubishi wangu na vyuo vyetu. Mwanafunzi wa Helsinki akitaka kuona mto unavyokula mtaa, ama mafuriko yanavyohamisha mji mzima mdogo, inambidi asome. Wa Bujumbura anatoka darasani kwa miguu. Ushahidi uko Nyakabiga, Buterere, Kibenga na Gatumba. Kwa mji ulio kwenye hali hii, ekspoze iliyonakiliwa inapoteza akili za vijana, na sisi tunazihitaji akili hizo kesho asubuhi.

> Wa Bujumbura anatoka darasani kwa miguu. Ushahidi uko Nyakabiga, Buterere, Kibenga na Gatumba.

Mji uliobanwa kati ya mlima na maji

Mtu akitaka kuelewa mji huu asimame sokoni na ageuke pande mbili. Mashariki kuna miteremko ya Mirwa, mikali, iliyolimwa mpaka kileleni. Magharibi kuna Ziwa Tanganyika: urefu wa kilomita 673, kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi. Katikati kuna tambarare nyembamba ya Imbo, na juu yake umekaa mji.

Mito inayoshuka kutoka Mirwa, kama Ntahangwa, Muha, Kanyosha na Nyabagere, haina nafasi ya kupumua. Mvua ikinyesha mlimani saa 9 alasiri, maji yanafika mitaani kabla watu hawajatoka kazini. Msitu ulioyazuia zamani haupo. Yamebaki mashamba ya mihogo na ndizi, mashimo ya matofali, na nyumba mpya zinazopanda juu mwaka hadi mwaka.

Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, mvua kubwa ilishusha maji, mawe na miti juu ya mitaa ya kaskazini: Kamenge, Kinama, Buterere, Gatunguru. Watu zaidi ya 60 walikufa, wengi wao wakiwa usingizini, na nyumba za udongo ziliyeyuka kwa mamia. Wanafunzi wanaofanya ekspoze leo walikuwa watoto wakati ule. Baadhi yao waliuona usiku huo kwa macho.

Miaka sita baadaye zamu ikawa ya mto Rusizi. Mwezi Aprili 2020 mto huo ulivunja kingo na kuingia Gatumba, kati ya jiji na mpaka wa Kongo, na maelfu kwa maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema, wengi wao huko Maramvya. Waliorudi walifukuzwa tena na ziwa mwaka 2021. Halafu ikaja El Niño ya 2023 na 2024. Mwezi Aprili 2024 serikali na Umoja wa Mataifa walitoa kwa pamoja ombi la msaada: tangu Septemba 2023 watu zaidi ya 200,000 nchini walikuwa wameguswa na mvua hizo, na waliohama makwao walikaribia 100,000.

Yote hayo yanaingia kwenye jina moja la vitisho vya mazingira. Haiwezekani kuyasema kwa dakika 15. Kundi lenye busara huchukua moja na kulifuata kutoka mlimani mpaka ziwani.

Swali la ziwa

Chukua hilo la ziwa, maana ndilo linalobishaniwa zaidi mjini. Uliza kwenye basi la Kajaga, uliza Buyenzi kwenye karakana za magari, uliza ofisini: kwa nini maji yamepanda? Utapata majibu matatu, na kila jibu lina watu wake.

La kwanza linasema mbingu. Mvua zimezidi, tabianchi imebadilika, hakuna wa kulaumiwa hapa kwetu.

La pili linasema Lukuga. Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, unaotoka pale Kalemie upande wa Kongo na kwenda kuungana na maji ya mto Kongo. Wanaoshikilia jibu hili wanasema mlango huo umeziba kwa mchanga na majani, na kwamba ukichimbuliwa maji yatashuka. Suala hilo limefika mpaka mezani kwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, chombo cha nchi nne zinazolizunguka ziwa, chenye makao yake makuu hapa hapa Bujumbura. Mamlaka hiyo ilitokana na mkataba uliosainiwa Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003.

La tatu linasema watu. Ziwa halikutufuata sisi, tumelifuata wenyewe. Kanuni ya Maji ya mwaka 2012 inataka kuachwa mita 150 kando ya Tanganyika bila kujengwa, na kila mtu anaona hoteli, nyumba za ghorofa na kuta zilizosimama ndani ya mita hizo.

Kundi likifika hapa ndipo kazi ya utafiti inapoanza, kwa sababu majibu haya matatu yanaweza kupimwa.

Anza na Lukuga. Kama sababu kubwa ingekuwa mlango ulioziba, tungetarajia Tanganyika lipande peke yake. Lakini mwezi Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja na kuipita rekodi yake ya Mei 1964, ambayo ilikuwa mita 13.41. Nchini Kenya maziwa ya Baringo na Naivasha yalimeza shule, hoteli na mashamba miaka hiyo hiyo, nayo hayana mto wowote unaotoka juu ya ardhi. Maziwa yenye milango tofauti, na mengine yasiyo na mlango, yalipanda pamoja. Mvua imesimama mbele ya mashahidi wote.

Hilo halimfungi mdomo mtu wa Lukuga. Maji mengi ya Tanganyika huondoka kwa kuvukizwa na jua, na sehemu ndogo tu hupitia Lukuga. Hata hivyo sehemu hiyo ndogo ndiyo inayoamua ziwa litachukua muda gani kurudi chini baada ya miaka ya mvua. Mwanafunzi anayeweza kusema mambo hayo mawili kwa pamoja, bila kumdharau yeyote, amekwisha kufanya kazi ya mtafiti.

> Maziwa yenye milango tofauti, na mengine yasiyo na mlango, yalipanda pamoja. Mvua imesimama mbele ya mashahidi wote.

Kisha nenda nyuma kwenye historia. Mwaka 1876 Henry Stanley aliporudi Ujiji alikuta ziwa limepanda kuliko alivyoliacha mwaka 1871, na alipokwenda Lukuga alikuta mlango umezibwa na matete na tope. Mnamo mwaka 1878, uso wa ziwa ukiwa zaidi ya mita 780 juu ya usawa wa bahari, kizuizi hicho kilipasuka. Edward Hore wa London Missionary Society, aliyefika Ujiji mwaka huo, alifuatilia jinsi maji yalivyokuwa yakishuka miaka iliyofuata. Ziwa likatulia. Mwaka 1964 likapanda tena hadi karibu mita 777, na wazee wa mji wanakumbuka bandari ilivyozama. Likashuka sana katikati ya miaka ya 2000. Mwaka 2021, na tena 2024, likarudi kucheza karibu na mita 777.

Tazama maana yake. Ziwa limefika mahali ambapo liliwahi kufika mwaka 1964, na ambapo liliwahi kupapita mbali mwaka 1878. Kilichokuwa kipya mwaka 2024 ni nyumba. Kwenye tambarare ya Imbo, ambako ardhi imelala, mita moja ya kupanda inayasukuma maji mamia ya mita ndani ya makazi. Kwa hiyo kundi lisiishie kutaja mita 150. Liisome sheria yenyewe, lione zinahesabiwa kuanzia ukingo upi, wa kiangazi au wa masika, wa mwaka gani. Nadhani swali hilo moja linatosha kujaza dakika 15 zote.

Mimi nimekwisha kushawishika. Mvua ndiyo iliyolijaza ziwa, na vibali vya ujenzi ndivyo vilivyoligeuza kuwa janga. Lakini ningependa mwanafunzi anipinge akiwa na vipimo mkononi.

Wa sepetu naye ana neno

Turudi kwenye mchanga, kwa sababu ndiko kundi linakokutana na watu wa kweli.

Mji wa Bujumbura umejengwa kwa mchanga na mawe ya mito yake. Kila ukuta wa Carama au Gasekebuye una kipande cha Ntahangwa, cha Muha au cha Mugere. Mchimbaji akitoa mawe katikati ya mto, maji hupata njia ya kuchimba zaidi. Akiyatoa chini ya ukingo, ukingo unabaki unaning'inia, na mvua inayofuata unaanguka. Wenye nyumba za Mutanga Nord na Nyakabiga wameshuhudia hilo. Serikali imepiga marufuku uchimbaji mitoni mara kadhaa, imejenga kuta za gabioni, yaani mawe yaliyofungwa ndani ya wavu wa waya, sehemu kadhaa za Ntahangwa, na bado asubuhi sepetu zinaonekana.

Ni rahisi kuwaweka vijana hao kwenye slaidi kama wahalifu. Picha moja, mshale mwekundu, basi. Lakini waulize. Wengi wana familia, na mto ni kazi isiyodai diploma wala mtaji. Wao wana hoja pia: mto unashusha mchanga kila mvua, usipotolewa sehemu za chini unaziba daraja na kumwaga maji Buyenzi. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Wahandisi wa mito wanajua kwamba kuna mahali ambapo kutoa mchanga kunasaidia na mahali ambapo kunaua, na tofauti inaweza kuwa mita 200.

Kundi linaloenda huko liwe na adabu ya mji. Salamu kwanza, amahoro, poleni na kazi. Mzee aitwe mzee, mama aitwe mama. Liseme limetoka chuo gani na kwamba halitumwi na komuni wala polisi. Lisipige picha ya uso wa mtu bila kumwomba. Na liwe na barua ya kitivo mfukoni, maana kupiga picha kwenye daraja au bandarini bila karatasi huleta maelezo marefu.

Mwenye nyumba aulizwe, mchimbaji aulizwe, mwenye lori anayenunua mchanga aulizwe, fundi anayeujengea aulizwe. Mwenye lori ndiye ninayemkosa kila mara kwenye kazi za wanafunzi. Bila mnunuzi hakuna sepetu inayoshuka mtoni, na yeye haonekani kwenye picha yoyote ya mmomonyoko.

Samaki, na wataalamu wasiokubaliana

Kuna kosa jingine la ekspoze zetu: kuamini kwamba sayansi ina jibu moja, na kazi ya mwanafunzi ni kulipata na kulinakili. Mfano mzuri wa kinyume chake upo kwenye sahani. Ndagala na mukeke wamepungua. Kila mama anayenunua sokoni anajua. Kwa nini?

Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba maji ya juu ya Tanganyika yamepata joto, upepo umepungua, na kwa hiyo maji ya chini yenye rutuba hayapandi kama zamani. Walikadiria kwamba uzalishaji wa chakula cha samaki umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na kwamba hilo linaweza kupunguza samaki kwa asilimia 30.

Mwaka 2006 Jouko Sarvala na wenzake wakawapinga. Walisema takwimu za uvuvi zinaonyesha zaidi mabadiliko ya uvuvi wenyewe kuliko ya tabianchi. Hapa Bujumbura tunaelewa walichomaanisha: meli za nyavu kubwa zilizoanza na wavuvi Wagiriki miaka ya 1950 zilikuja kutoweka, zikabaki boti za apolo na mitumbwi, na idadi ya wavuvi ikaongezeka ziwa zima. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake wakaja na ushahidi wa aina nyingine, tope la chini ya ziwa lenye mabaki ya viumbe wa karne nyingi. Waliona kupungua kulianza kabla uvuvi mkubwa haujaingia.

Wanafunzi wakiweka maandiko hayo matatu kwenye meza moja, ekspoze yao inapata uhai wake. Na uamuzi wa kisiasa unaeleweka vizuri zaidi. Mwaka 2024 nchi za ziwa zilipofunga uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, zilikuwa zinashughulikia kile zinachoweza kukishika, yaani nyavu. Joto la maji haliwezi kufungwa kwa tangazo.

Karatasi ziko wapi?

Mwanafunzi atauliza, na ana haki: nitapata wapi takwimu za hapa? Zipo. Mvua na viwango vya maji huwekwa na Taasisi ya Jiografia ya Burundi, IGEBU. Habari za hifadhi ya Rusizi, ya ufuko na ya plastiki ziko OBPE, ofisi ya ulinzi wa mazingira. Maji ya kunywa ya jiji, yanayovutwa kutoka ziwa hilo hilo linalopokea maji taka yetu, ni ya REGIDESO. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Burundi ina tasnifu za wanafunzi waliotangulia, na baadhi walipima Ntahangwa ile ile.

Ugumu uko kwenye kuzifikia. Ofisi inataka barua, barua inataka sahihi, mwenye sahihi yuko Gitega. Mafuta yakikosekana, safari ya basi kwenda na kurudi inakula siku nzima. Umeme ukikatika, kompyuta ya kundi inazimika katikati ya kazi. Mwalimu anayetoa siku 10 kwa kazi kama hii ajue anachokivuna: vijana watachukua kilicho karibu, na kilicho karibu ni simu.

Ofisi hizo nazo zina deni. Kiwango cha ziwa ni habari ya usalama wa watu. Kingebandikwa kila wiki mahali pa wazi, kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, mwanafunzi angekipata, na mama wa Gatumba angejua lini aanze kufunga vyombo.

> Kiwango cha ziwa ni habari ya usalama wa watu. Kingebandikwa kila wiki mahali pa wazi.

Kila namba iingie kwenye slaidi na tarehe yake na jina la aliyeitoa. Nimeona jedwali la waliohama Gatumba lililochanganya mwaka 2020 na 2024 kana kwamba ni tukio moja, na darasa zima likapiga makofi. Mtu aliyehama mara mbili alihesabiwa pia mara mbili. Hiyo ni habari kubwa kuliko jumla yenyewe, na ilipotea kwa kukosa safu moja ya mwaka.

Kuhusu kugawana kazi, kuna njia bora kuliko ile ya utangulizi, sababu, athari. Gawaneni watu na mahali. Wawili waende mlimani, juu ya Mugoboka, waone mashamba na mashimo ya matofali. Wawili wabaki kwenye ukingo. Wawili waende chini, kwenye mdomo wa mto, ambako chupa na mifuko yote ya mji hukutana licha ya amri ya Agosti 2018 iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki na kuipa miezi 18 ya kuondoka. Kisha wakutane, na kila mmoja awasimulie wenzake aliyoyaona mpaka wote sita waweze kuyasimulia. Atakayesimama mbele achaguliwe asubuhi ya siku yenyewe, kwa kura. Hapo hakuna atakayejificha nyuma ya kipande chake.

Slaidi ziwe chache. Ramani moja ya mto, iliyochorwa kwa mkono ikibidi. Picha za mahali pale pale kwa miaka tofauti. Jedwali moja. Na nakala za karatasi tayari, kwa sababu projekta ya chuo inategemea umeme ule ule.

Baada ya makofi

Jambo moja linaniuma kuliko mengine. Ekspoze ikiisha, alama zikitolewa, faili linafutwa kwenye simu kupata nafasi. Kile kipimo cha kutoka kona ya ukuta hadi ukingoni, chenye tarehe na saa, kinapotea. Mwaka unaofuata kundi jingine linakuja mahali pale pale na futi nyingine na kuanza upya.

Kitivo kimoja kikiamua kuweka kabati, au hata folda moja kwenye kompyuta ya maktaba, na kuwataka wanafunzi wapime sehemu zile zile 10 za Ntahangwa, Muha na Kanyosha kila mwaka, baada ya miaka 5 jiji litakuwa na rekodi ya mmomonyoko ambayo mhandisi wa komuni ataipigia hodi. Haihitaji mfadhili. Inahitaji futi, daftari na mwalimu mmoja asiyechoka.

Na kazi hizo zitoke darasani. Ekspoze hutolewa kwa Kifaransa, siku hizi pia kwa Kiingereza, mbele ya watu wanaotafuta alama. Mwenye nyumba ya ukingoni hakualikwa. Kundi likirudi Nyakabiga au Buyenzi Jumamosi, baada ya kazi za jumuiya, na kueleza kwa Kirundi na Kiswahili kile lilichokipata, litakutana na maswali makali kuliko ya mwalimu yeyote: nihame niende wapi, nani atanilipa, gabioni zitafika kwangu mwaka gani? Wanafunzi hawana majibu ya maswali hayo. Waliopaswa kuyajibu wangelazimika kuyasikia.

Mvua hurudi kati ya Septemba na Oktoba. Kundi linalotaka picha ya ukingo kabla ya msimu, na kipimo cha kulinganisha baada yake, liende mtoni mwezi Agosti, wakati maji ni kidogo na udongo umekauka, na liandike kwenye daftari jina la mtaa, kona ya ukuta waliyoanzia na upande walioelekezea futi, ili wa mwaka kesho wasimame hapo hapo.